Mwanafunzi wa chuo anayejitolea Fizi na Baraka: kazi ya bure inaishia wapi?

Kipindupindu kikitangazwa, kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika utaona vijana wamesimama kando ya maji, seringi mkononi, ndoo yenye kifuniko pembeni. Mama anachota, anasogeza bidoni ya litre 20, kijana anavuta dawa ya klorini, anaitia ndani, anachora alama moja kwenye karatasi, halafu bidoni inayofuata. Inaanza alfajiri na kuendelea mpaka jua linapokuwa kali. Wengine kati ya vijana hao ni wanafunzi wa chuo: wa afya, wa ualimu, wa maendeleo ya vijijini.

Ukisimama hapo kidogo utasikia watu wakiulizana: "Bale banalipwa ngapi?" Na mwingine, kwa sauti ya chini: "Na kama habalipwe, banatafuta nini?"

Ni maswali ya haki kabisa. Huku kwetu mtu akifanya kazi ya wengine bila kudai kitu, watu hufikiri kuna jambo nyuma. Ama ana ahadi ya kazi mfukoni, ama anatafuta kura, ama kuna mkubwa anayekula jasho lake. Mara nyingine wanaofikiri hivyo wanakosea. Mara nyingine wako sawa. Ndiyo maana tumeona vizuri kueleza jambo hili kwa utaratibu, kwa ajili ya mwanafunzi mwenyewe, kwa wazazi wanaomlipia minervali, na kwa vikundi vya mtaa vinavyompokea.

Salongo, staji, na kujitolea

Vitu hivi vitatu huwa tunavitia ndani ya kapu moja, na fujo nyingi inatoka hapo.

Salongo tunaijua. Ni kazi ya wakaaji wote: kufyeka njia, kuzibua mitaro, kusafisha soko. Iliingia nchi nzima katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, na tangu hapo jina limebaki hata katika mitaa ambayo watu hawakumbuki tena lilitoka wapi. Salongo haimchagui mwanafunzi kwa sababu ya masomo yake. Anaenda kama mkaaji wa kartye, na panga lake, sawa na jirani.

Staji ni kitu kingine. Ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi wa ISTM hawezi kuwa muuguzi bila kupita kwenye vitanda vya wagonjwa, na wa ISP hawezi kuwa mwalimu bila kusimama mbele ya darasa akiwa na mwalimu mwenye uzoefu nyuma yake. Staji inatolewa pointi, ina mtu wa kuisimamia, ina raporo mwishoni. Tangu nchi ilipoanza kuingia katika mfumo wa LMD, ambako mwaka mmoja wa masomo unahesabiwa krediti 60, staji nayo inaingia ndani ya hesabu hiyo. Mwanafunzi anayefanya staji hamsaidii mtu bure. Yeye mwenyewe anapokea kitu, yaani ujuzi na pointi.

Kujitolea, au kuwa benevole kama tunavyosema, ni pale mwanafunzi anapotoa saa zake kwa kikundi, parokia, kituo cha afya au mradi wa mtaa, bila kulazimishwa, bila pointi na bila mshahara. Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo ndilo shule ya kwanza ya kujitolea kwa vijana wengi wa Kivu, liliandika jambo hilo ndani ya kanuni zake saba zilizotangazwa Vienna mwaka 1965: huduma ya kujitolea haisukumwi na tamaa ya faida.

Neno "bila kulazimishwa" lina uzito wake, na wazee wanajua kwa nini. Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium kule Kinshasa walipokumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya tarehe 4 Juni 1969, Mobutu alifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Serikali iliita ile kuwafundisha nidhamu na kulitumikia taifa. Ng'ambo ya ziwa nako, Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga jeshi la kujenga taifa lililokuwa limefanywa la lazima kwa wasomi. Nyerere aliwafukuza karibu 400, lakini siku hiyohiyo akatangaza pia kupunguza mshahara wake mwenyewe. Hadithi hizi mbili hazifanani, ila zote zinaonyesha kitu kimoja: ukimwambia msomi kijana kwamba ni lazima alilipe taifa deni, atauliza wakubwa wao wanalipa nini. Mkuu wa mradi anayemwambia mwanafunzi wa Baraka "ni lazima ujitolee" anachanganya maneno ambayo hayakai pamoja.

Kwa nini mikono hii inahitajika huku kwetu

Fizi ni kubwa. Sekta zake nne, Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, zinatoka ufukoni hadi milimani, na sehemu nyingi gari halifiki. Ziwa lenyewe linageuka kila baada ya miaka: mwaka 2024 maji yalipanda na kuingia kwenye nyumba na mashamba ya mwambao. Kuna wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015 na baadaye Mulongwe. Kuna wahamaji wa ndani waliokimbia mapigano ya milimani, na mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu, wengine wakashuka upande huu. Kuna pia familia zilizorudi kutoka Tanzania. HCR ilianza kuwavusha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005.

Mashirika makubwa yalikuja, na mengine yakaondoka. MSF ilianza kazi Baraka mwaka 2003, na kwa miaka mingi mtu akisema "hospitali" watu wengi walielewa MSF. Mwisho wa mwaka 2020 shirika hilo likatangaza kwamba linafunga sehemu kubwa ya kazi zake Fizi, kwa sababu wafanyakazi wake walishambuliwa tena na tena. Siku gari la shirika linapoondoka, anayebaki na daftari la wagonjwa ni muuguzi wa mahali, RECO wa kijiji, na vijana waliofundishwa wakati wafadhili walikuwepo. Hapo ndipo unaelewa kwamba mwanafunzi mwenye ujuzi kidogo anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko fulana yenye nembo.

Tukisema RECO, tunamaanisha wale wajumbe wa afya wa jamii, waliochaguliwa na wenzao, wanaopita nyumba kwa nyumba. Hao ni wajitoleaji tangu mwanzo, ingawa wengine wana zaidi ya miaka kumi kazini. Mwanafunzi anayeingia katika kazi ya afya anaingia chini ya mti uliokwisha kupandwa na hao. Kama anakuja na kiburi cha daraja la chuo, akimwambia RECO mwenye umri wa mama yake jinsi ya kuongea na watu, ataharibu mengi. Amwite mama au baba, akae chini, asikilize kwanza.

Seringi moja, hesabu nyingi

Turudi pale ufukoni, maana ile kazi inaonekana nyepesi na kumbe si nyepesi.

Kipindupindu kimekuwa kikizunguka kando ya maziwa yetu tangu miaka ya 1970. Mdudu wake anaingia kwa maji na chakula chenye uchafu wa choo. Mtu anaweza kuanza kuharisha baada ya saa chache tu, au hadi siku tano, tangu alipomeza. Akikosa maji mwilini anaweza kufa siku hiyohiyo. Akipata maji na chumvi mapema, karibu wote wanapona. Ndiyo sababu kuzuia pale anapochota maji kuna maana kubwa kuliko hotuba ndefu.

Dawa inayotiwa kwenye bidoni inatayarishwa na msimamizi kutoka unga wa klorini. Kipimo cha seringi hakibuniwi na kijana. Kinatoka kwenye jaribio: unatia vipimo tofauti katika maji ya siku hiyo, unangoja nusu saa, unapima klorini iliyobaki, halafu unachagua kipimo kinachofaa. Maji ya kiangazi, meupe, yanahitaji kidogo. Mvua kubwa ikileta matope kutoka milimani hadi ziwani, kipimo cha jana hakifai tena, kwa sababu tope linakula klorini kabla haijafika kwa mdudu. Hapo maji yaachwe yatulie kwanza, yachujwe kwa kitambaa safi. Kijana asiyejua hilo atatia dawa siku nzima na watu wataugua, halafu watasema dawa ni ya uongo.

Halafu kuna ile nusu saa. Mama ana haraka, mtoto analia, jiko linangoja. Ukimwambia "ngojea dakika 30 ndipo unywe", anakuona unamchelewesha. Mjitoleaji mzuri anatumia muda ule bidoni inaposafiri: "Mama, ukifika nyumbani, panga vyombo, washa moto, halafu ndipo mnywe." Maneno kama hayo huyapati darasani.

Kazi hiyohiyo ina upande wa pili, wa kufundisha maji ya chumvi na sukari pale pakiti za dawa zinapokosekana: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mwanafunzi anayefundisha hili afanye mbele ya macho ya watu, kwa kijiko kilekile wanachotumia nyumbani, kisha amwache mama mmoja arudie. Na aseme wazi kwamba hiyo ni ya kumshikilia mgonjwa njiani, wakati anapelekwa kituoni.

Tumesimama sana kwenye kipindupindu kwa sababu ndiko hatari iko. Mambo mengine tutayapita kwa upesi.

Darasani na kwenye sanduku la AVEC

Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa. Madarasa yakajaa. Lakini watoto waliopoteza miaka kwa ajili ya vita hawawezi kukaa na wadogo wa miaka sita, wanaona haya. Kwa ajili yao kuna vituo vya kurudisha masomo, CRS, ambako miaka 6 ya msingi inabanwa ndani ya miaka 3. Mwanafunzi wa ISP anaweza kusaidia sana huko, alasiri, kwa kusoma na kuhesabu. Vilevile kwa mama wanaojifunza kusoma katika makanisa.

Ila kuna mpaka tunaotaka kuusema bila kuficha. Kumsaidia mwalimu ni jambo moja. Kushika darasa zima, mwaka mzima, bure, kwa sababu shule haina mwalimu aliyeandikwa kwenye orodha ya malipo ya serikali, ni jambo lingine. Siku mwanafunzi akiziba tundu hilo kimya kimya, hakuna mtu atakayeandika tena barua ya kudai mwalimu. Tundu linabaki, na mwanafunzi anafeli mitihani yake.

Upande wa feza, vikundi vya AVEC viko karibu kila mtaa. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ukaenea Afrika yote: watu wachache wanaoaminiana, kila juma wananunua hisa, wanakopeshana, mwisho wa mzunguko wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Mama wengi wanajua biashara kuliko mwanafunzi yeyote wa uchumi, lakini kuandika daftari na kugawa faida mwishoni kunawasumbua. Hapo mwanafunzi anafaa. Aandike, ahesabu kwa sauti, afundishe mtu mmoja wa kikundi hadi aweze mwenyewe. Asishike ufunguo hata siku moja. Wala asikae na daftari nyumbani kwake. Siku feza zikipungua, yule kijana msomi ndiye wa kwanza kutazamwa.

Motivasyo

Sasa tufike pale panapouma.

Huku kwetu neno benevole limeoa neno motivasyo, na ndoa hiyo imezaa watoto wa ajabu. Shirika linakuja na kampeni ya siku tano: chanjo, kuandikisha familia, kugawa vyandarua. Vijana wanaitwa, wanapewa kiasi fulani kwa siku. Hiyo si mbaya, kazi ni ngumu na inataka mtu wa siku nzima. Kampeni inaisha. Juma linalofuata kikundi kidogo cha mtaa, kisicho na mfadhili, kinaita vijana walewale kuzibua mtaro. Hawaji. "Motivasyo iko wapi?" Kikundi kinakata tamaa. Na sisi wote tunasema vijana wa leo wameharibika, wakati waliowafundisha bei ni watu wazima wenye magari.

Wengi wa Fizi walionja mambo haya tangu Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Kule mwalimu mkimbizi au muuguzi mkimbizi alipewa posho ndogo, si mshahara, na alifanya kazi ya mtu kamili. Watu walirudi na wazo kwamba iko ngazi ya tatu kati ya bure na mshahara. Kumbe ngazi hiyo ipo, lakini ieleweke.

Tunaona inafaa kutenganisha hivi. Kurudishiwa ulichotumia si malipo. Feza ya moto kutoka Baraka hadi Mboko, maji ya kunywa na chakula cha saa sita, inite za simu kwa kutuma raporo, buti na glavu: hivyo ni gharama za kazi, na mwanafunzi hapaswi kuzitoa kwenye mfuko wa mama yake anayeuza ndagala. Kikundi kisichoweza kulipa hata usafiri kimpe kazi ya karibu, ya kwenda kwa miguu. Mwanafunzi anayejitolea kwa kukopa atajitolea mara mbili, ya tatu hatarudi.

Upande mwingine, mtu akiitwa benevole huku anafanya siku sita kwa juma, saa nane kwa siku, kwa saa anazopangiwa na mkubwa, na akikosa anakatiwa, huyo si benevole tena. Ni mtumishi asiye na mkataba. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtambua mtumishi kama mtu anayeweka kazi yake chini ya uongozi wa mwingine kwa malipo. Ukiangalia vizuri, hilo neno "malipo" linamwacha mjitoleaji nje ya uzio: ulinzi wa mtumishi haumfikii kwa urahisi. Na kuna wakubwa wanaojua hilo vizuri, ndiyo maana wanapenda sana neno benevole. Mradi wenye bajeti ya mshahara kwa kazi fulani ukimweka mwanafunzi pale bure, kuna mtu anakula ile bajeti. Hatuoni namna nyingine ya kulieleza.

Kwa sababu ulinzi wa sheria ni mwembamba, karatasi inakuwa ya lazima. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, siku ngapi kwa juma, kuanzia lini hadi lini, nani anasimamia, gharama gani zinarudishwa, na akiumia kazini nani anamtibu. Hili la mwisho watu wanalisahau mpaka mtu ateleze na bidoni, au pikipiki ianguke kwenye njia ya Fizi. Waweke sahihi pande mbili, kila mmoja abaki na kopi. Mkuu wa kikundi akikasirika kuombwa karatasi hiyo, mwanafunzi amekwisha pata jibu.

Mabinti

Wazazi, jambo hili ni lenu pia.

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kazi nyingi za siku zilitolewa kwa vijana. Tume huru iliyochunguza ilitoa raporo yake tarehe 28 Septemba 2021: wanaume waliofika kuokoa watu walidai ngono kwa wanawake na wasichana waliotafuta kazi. Tume iliorodhesha watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS, shirika la afya la dunia lenyewe. Haikutokea Fizi. Lakini njia iliyotumika inaweza kutumika popote: msichana anajitolea, anaahidiwa kwamba kandarasi ikitoka ataandikwa wa kwanza, halafu anaitwa ofisini jioni.

Kanuni za mashirika ya msaada zinakataza kabisa kubadilisha ngono kwa kazi, msaada au ahadi, na mjitoleaji analindwa na kanuni hizo sawa na mwajiriwa. Tena yeye mwenyewe anafungwa nazo mbele ya watu anaowasaidia. Mashirika mengi yana sanduku la malalamiko au namba ya simu ya bure. Kabla binti hajaanza, aulize: namba hiyo ni ipi? Nani anaipokea? Kikundi kidogo kisicho na namba kiweke angalau mama mmoja anayeheshimiwa, asiye ndugu wa mkuu, ambaye msichana anaweza kumwendea. Mikutano ifanyike mchana. Kazi ya kijiji cha mbali waende wawili wawili. Mwanafunzi wa kiume naye anaweza kunyanyaswa, na haya inamfunga mdomo zaidi.

Kuvuka mipaka ya kabila, na kujua lini usivuke

Katika Fizi tuna Wabembe, Wabuyu, Wafuliru, Wabwari, Wazoba, Banyamulenge, wakimbizi wa Burundi, na watu wengine. Mwanafunzi anayejitolea mara nyingi anakwenda kwa watu wasio wa ukoo wake, na wakati mwingine kwa watu ambao nyumbani kwake wanasemwa vibaya. Chuo kimempa nafasi ambayo wengi hawana: kukaa benchi moja na wale wengine. Tumeona pia kwamba mtoto wa kikundi A akibeba maji ya kikundi B, maneno ya sokoni hupoa kidogo. Kidogo, hatuongezi.

Ila ushujaa usizidi akili. Orodha ya familia zinazopokea msaada ikiandikwa na kijana wa upande mmoja tu, hata kama ni mwaminifu, upande wa pili utasema imepikwa. Waandike wawili, wa pande mbili, na shefu wa kartye ashuhudie. Orodha hiyo isipigwe picha na kutumwa WhatsApp. Majina ya waliokimbia ni siri ya kuokoa maisha. Mjitoleaji hachukui swali la kijeshi kutoka kwa mtu yeyote, hapandi gari la wenye silaha wa upande wowote, na hachapishi mahali wahamaji walipolala. Njia ikisemwa mbaya, kazi inaahirishwa. Hakuna raporo inayoharaka kuliko uhai wa mtoto wa mtu.

Na siasa. Mwezi wa kampeni, fulana za bure zinakuwa nyingi kuliko mvua. Mwanafunzi ana haki ya kuwa na chama, lakini si siku anapokuwa na seringi mkononi.

Kabla ya kukubali

Vikundi vingi vya Baraka ni vizuri, vingine viko kwenye karatasi tu. Sheria ya 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo na faida inasema kikundi cha ASBL kinapaswa kuwa na kanuni zake, viongozi wanaojulikana, na kutambuliwa na Wizara ya Sheria. Kikundi kidogo cha mama wa mtaa kinaweza kukosa karatasi zote hizo na bado kuwa cha kweli. Kiulizwe mambo mengine basi. Mlifanya nini mwaka uliopita? Nani aliona? Feza za kazi ile zilikaa kwa nani? Anayejitolea ana haki ya kuuliza feza, hata kama yeye hapati.

Na kama mtu anadai mwanafunzi alipe kwanza ili "aandikishwe kuwa benevole", apewe beji, au awekwe kwenye orodha ya kazi ijayo, huyo ni mwizi. Aondoke.

Kuhusu atestasyo: ni haki kuiomba, na kwa kijana asiye na uzoefu inasaidia anapotafuta kazi. Lakini iandikwe ukweli. "Alitia klorini ufukoni Baraka, asubuhi tatu kwa juma, Oktoba hadi Desemba, akasimamia karatasi za hesabu" ina nguvu kuliko sifa za jumla kama "mwenye bidii na nidhamu", ambazo kila mtu anazo. Mwanafunzi aweke mwenyewe daftari dogo la tarehe na kazi, siku ya kuandika atestasyo wakubwa hawakumbuki kitu.

Vyuo navyo vina neno. Kazi ya chuo kikuu ni tatu: kufundisha, kutafiti, na kuhudumia jamii, na ya tatu mara nyingi hubaki katika hotuba za siku ya kufungua mwaka. Mwaka 2026 Umoja wa Mataifa umeuita mwaka wa kimataifa wa wajitoleaji, na siku yao ni tarehe 5 Desemba kila mwaka tangu uamuzi wa 1985. Sherehe zitakuwepo. Chuo kingeweza kufanya kitu chepesi na chenye maana zaidi: kutoweka mitihani juma lilelile wanafunzi wake wako ufukoni kwa ajili ya kipindupindu, na kumtoa mwalimu mmoja wa kuwapitia mara moja kwa juma.

Kuna jambo la mwisho linalosahauliwa, nalo ni kuachana vizuri. Mwanafunzi anamaliza masomo, anapata kazi Kalemie au Uvira, anaondoka na kila kitu kichwani. Basi mwezi mmoja kabla ya kuondoka amlete mwenzake wa mwaka wa chini, wapite pamoja kwa yule RECO, kwa mama wa AVEC, kwa mwalimu wa CRS. Akabidhi daftari, seringi, ufunguo wa stoo, majina ya watu wa kuamkia kwanza ukifika kijijini. Wakae pamoja asubuhi mbili au tatu, yule mpya atie dawa na yule wa zamani atazame. Asubuhi ya nne aende peke yake.